Ngao na parachuti zilizoachwa Mirihi: yanayosemwa vijiweni Tanga, na ukweli wake

Kuna picha imezunguka sana kwenye simu za watu. Inaonesha ardhi nyekundu ya Mirihi, na juu yake kitu cha duara kilichopasuka ubavuni, vumbi limetapakaa, na kando yake kuna kitambaa kikubwa kimelala chini. Hapa Tanga nimeikuta kwenye vijiwe vya kahawa Ngamiani, nimeikuta kwa wanafunzi wangu, na wazee wamenionesha baada ya sala wakitaka maelezo. Kila inapopita, inapita na habari yake. Huyu anasema ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Yule anasema ni chombo cha Wamarekani kilichoanguka, ila wanaficha. Wa tatu anasema ni uchafu tu wa matajiri, hakuna cha kujifunza pale.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hili la tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Vipande vile vinafundisha ufundi wa kutua kuliko picha yoyote ya gari la utafiti lililokwisha kusimama salama. Kwa hiyo nimeona niziandike zile dhana ninazokutana nazo mara kwa mara, na niseme kweli yake ninavyoijua.

"Kile ni kisahani cha viumbe wa ajabu"

Picha hiyo ilipigwa tarehe 19 Aprili 2022 na Ingenuity, helikopta ndogo ya NASA iliyokwenda Mirihi pamoja na gari la utafiti liitwalo Perseverance. Hiyo ilikuwa mara yake ya 26 kuruka. Ilikaa hewani sekunde 159, kwenye kimo cha mita 8, ikapiga picha 10 na kutua tena. Kinachoonekana ni ganda la nyuma la Perseverance, yaani sehemu ya juu ya kifuniko kilicholihifadhi gari hilo tangu lilipoondoka duniani Julai 2020 hadi lilipokaribia kutua katika kreta ya Jezero, tarehe 18 Februari 2021. Kitambaa kile ni parachuti yake.

Naomba msomaji aikuze picha ile kwenye simu yake na aiangalie taratibu. Ganda lina upana wa kama mita 4.5. Liligonga ardhi kwa kasi ya takriban kilomita 126 kwa saa, ndiyo maana limepasuka na vipande vimetawanyika pembeni. Lakini rangi nyeupe ya mpako wake bado iko. Kamba zinazoliunga na parachuti zilikuwa 80, na nyingi zinaonekana zikiwa nzima, zimelala juu ya mchanga bila kukatika. Parachuti yenyewe inaonekana sehemu tu, kama theluthi moja, imefunikwa na vumbi, na katika sehemu hiyo hakuna mchaniko. Mhandisi wa parachuti aitwaye Ian Clark na wenzake wa JPL, maabara ya NASA huko California, waliitaka picha hiyo kwa sababu ya kazi: walikuwa wamekwishapima kila kitu kwa mahesabu na vyombo, sasa wakataka kuona kwa macho vifaa vyao vimevumilia vipi, maana uzoefu huo unahitajika kwa safari zijazo.

Na hapo hapo niliondoe jambo dogo linaloambatana na hili. Watu wameona parachuti ina mabaka ya rangi ya chungwa na nyeupe yasiyo na mpangilio, wakasema ni alama za kishirikina. Mabaka yale yanawasaidia wahandisi kutambua, wakitazama video, parachuti imefunguka vipi na imejizungusha upande gani. Clark alitumia nafasi hiyo kupanga rangi kwa hesabu za sifuri na moja, zikatoa maneno matatu ya Kiingereza ambayo ni kaulimbiu ya JPL, maana yake thubutuni mambo makubwa, pamoja na namba zinazoonesha maabara yao iko wapi duniani. Watu wa kawaida mitandaoni waliifumbua ndani ya muda mfupi baada ya video kutolewa.

"Ngao inaungua kwa sababu ya kusuguana na hewa"

Ngao ndiyo sehemu ya chini ya kifuniko kile, inayotangulia mbele kulikinga gari na joto. Dhana hii naisikia hata kwa waliosoma, na vitabu kadhaa vya shule vinaiacha ipite. Chombo kinaingia angahewa kwa kasi kubwa, kinasuguana na hewa, kinapata moto. Inaingia akilini haraka, lakini msuguano sehemu yake ni ndogo.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo jaribio lake liko kila kona. Nenda kwa fundi, chukua pampu ya mkono, jaza tairi upesi upesi, kisha shika kwa chini pale mpira wa pampu unapoanzia. Kijana mmoja fundi pale Ngamiani aliniambia, "Mwalimu, hapa usiguse, pataunguza." Nikamuuliza joto limetoka wapi. Akasema ni kile kishikio kinavyopanda na kushuka. Nikamwambia apampu hivyo hivyo, idadi ile ile, lakini mpira akiuacha wazi, haujafungwa kwenye tairi. Kishikio kikapanda na kushuka vilevile, na chini pakawa na uvuguvugu tu. Joto kubwa lilitoka kwa hewa iliyobanwa ikakosa pa kukimbilia.

Ndivyo ilivyo kwa chombo kinachoingia Mirihi. Perseverance iliingia kwa kasi ya karibu kilomita 19,500 kwa saa. Kwa kasi hiyo gesi iliyo mbele haipati muda wa kupisha. Inabanwa mbele ya ngao, inapata joto kali mno, inang'aa, na joto hilo ndilo linaloishambulia ngao. Ngao ya Perseverance ilitarajiwa kufika kama nyuzi 1,300 za Selsiasi upande wa nje, na ndani yake gari lenye vyombo vya umeme limekaa salama. Vimondo tunavyoviona usiku vikikatiza juu ya bahari huwaka kwa sababu hiyo hiyo.

Umbo la ngao nalo linatokana na jambo hili. Wengi wangetegemea chombo kiwe na ncha kali ili kipasue hewa. Ngao ni pana na butu kwa makusudi. Upana ule unalisukuma wimbi la gesi ya moto likae mbele kidogo, sehemu kubwa ya joto ipite pembeni na kupotelea nyuma, na hapo hapo unakamata hewa nyingi ili kupunguza kasi.

"Lazima ni chuma kinene sana"

Chuma kingekuwa kizito mno, na joto lingepita hadi ndani. Ngao ya Curiosity, gari lililotua katika kreta ya Gale Agosti 2012, ilikuwa na upana wa mita 4.5 na ilifunikwa kwa vigae 113 vya kitu chepesi kilichotengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizolowekwa utomvu maalumu. Kwa kifupi wanakiita PICA. Kikipata joto, uso wake unageuka mkaa na kuliwa kidogo kidogo, na kila kinachoondoka kinaondoka na joto lake. Perseverance ilitumia vigae vya aina hiyo hiyo.

Magari yaliyotangulia, Spirit na Opportunity, yaliyotua Januari 2004, ngao zao zilipakwa mchanganyiko ambao ndani yake mna gamba la mti, lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, pamoja na gundi na vitufe vidogo sana vya kioo. Wanafunzi wangu hawaniamini nikisema hivi mara ya kwanza. Gamba la mti likashuka hadi Mirihi na likafanya kazi yake.

"Kilichodondoka njiani kimeharibika, na wenzetu wanaona aibu kusema"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ninaomba nipafafanue.

Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya hewa tunayovuta hapa Tanga. Ni hewa ya kutosha kukuunguza ukiingia kwa kasi, lakini haitoshi kukushusha salama. Parachuti ya Perseverance ilikuwa na upana wa mita 21.5, ilifunguka kwenye kimo cha kama kilomita 11 chombo kikienda karibu kilomita 1,500 kwa saa, na pamoja na ukubwa wake wote ule, ilikifikisha kwenye kasi ya kama kilomita 320 kwa saa. Ukigonga ardhi kwa kasi hiyo hakuna kinachobaki. Kwa hiyo parachuti peke yake haitui gari zito Mirihi, na anayedhani vipande vingine vilikuwa vya ziada hajapata picha kamili.

Sasa fuata mfuatano. Kama sekunde 20 baada ya parachuti kufunguka, ngao ya joto inaachiwa, nayo haiwaki moto wakati huo kama wengi wanavyodhani. Imekwishamaliza kazi ya joto. Inaachiwa kwa sababu imeziba macho. Rada na kamera za chini haziwezi kuona ardhi ngao ikiwepo, na bila kuona ardhi chombo hakijui kiko kimo gani wala kinaelekea kwenye jabali au kwenye tambarare. Kwenye video iliyopigwa na Perseverance yenyewe, ngao inaonekana ikitoka, ikizidi kuwa ndogo kuelekea chini, na hapo ndipo ardhi ya Jezero inafunguka mbele ya kamera. Nimeitazama na wanafunzi mara nyingi, na kila mara darasa linanyamaza pale.

Kisha kwenye kimo cha kama kilomita 2, ganda la nyuma na parachuti vinaachwa, na mtambo wenye injini 8 unachukua kazi. Unakwepa parachuti isije ikauangukia, unapunguza mwendo mpaka unakaribia kusimama hewani, na ukiwa mita 20 hivi juu ya ardhi unaliteremsha gari kwa kamba, kama mita 6.4 chini yake. Wanaofanya kazi bandarini wanaelewa haraka ukiwaambia kwamba hiyo ni kreni, ila kreni yenyewe inaning'inia kwa nguvu ya roketi zake. Magurudumu yakigusa ardhi, kamba zinakatwa, na mtambo unakimbia zake kwenda kuanguka mbali. Ungebaki pale, ungeweza kuliangukia gari, na moto wa injini ungelichafua.

Kila kipande kilichoko chini kwenye picha zile kiliachiwa kwa amri, kwa wakati wake. Kubaki nacho ndiko kungekuwa ajali. Na kukiacha kabla ya wakati pia ni ajali, kama ilivyoonekana tarehe 19 Oktoba 2016 kwa Schiaparelli, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya. Kompyuta yake ilipata vipimo vilivyoichanganya, ikaamini imekwishafika chini wakati bado iko kilomita kadhaa juu, ikaachia parachuti mapema na kuzima injini zake baada ya sekunde chache tu. Doa jeusi la pale kilipogonga lilionekana kutoka angani. Walioandaa safari ile walitangaza na kueleza chanzo hadharani, na wengine wote walijifunza kwa hilo.

"Mwezini nako kumejaa ngao za joto"

Hakuna. Mwezi hauna angahewa ya kubanwa wala ya kujaza parachuti, kwa hiyo vyombo hushuka kwa roketi tangu juu hadi chini. Kilichobaki kule ni majukwaa ya kutulia. Luna 17 ya Wasovieti, iliyoshusha gari la Lunokhod 1 tarehe 17 Novemba 1970, bado imesimama pale pale na njia zake za kuteremkia, na chombo cha Marekani kinachouzunguka Mwezi kimeipiga picha.

"Kikishaanguka hakina faida tena"

Desemba 2004, Opportunity ilifanya jambo ambalo mimi ningependa kila mwanafunzi wa sayansi alijue. Ilikwenda kuitazama ngao yake yenyewe. Ngao ilikuwa imepigwa chini tangu Januari mwaka ule, imevunjika vipande viwili vikubwa, imegeuka ndani nje, na imechimba kishimo kifupi kwenye mchanga. Gari likazunguka pale, likapiga picha, likasogeza kamera yake ya karibu kabisa kwenye ule mpako wenye gamba la mti, ili wahandisi waone joto liliula kiasi gani. Hakuna maabara ya duniani inayoweza kurudia safari ile kamili, na hapa palikuwa na ngao iliyopita kweli kwenye angahewa ya Mirihi, iko mezani, tayari kukaguliwa.

Karibu na ngao palikuwa na jiwe, ukubwa wake kama mpira wa kikapu, lenye vishimo vishimo na mng'ao usio wa mawe ya pale. Januari 2005 vyombo vya gari vikalipima vikakuta ni chuma na nikeli. Kilikuwa kimondo, cha kwanza kabisa kutambuliwa juu ya sayari nyingine. Walikiita kwanza Jiwe la Ngao ya Joto, kwa sababu ya mahali kilipokutwa. Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kupata ndugu yake: kimondo cha Mbozi, kule Songwe, nacho ni cha chuma na nikeli. Mtu aliyekwenda Mbozi akaweka kiganja juu ya lile dude anaweza kuelewa vizuri zaidi kuliko Wamarekani wengi kile ambacho Opportunity ilikuwa imesimama mbele yake.

Wachina nao walifanya hivyo. Gari lao Zhurong, lililotua Mei 2021 katika uwanda wa Utopia, lilipita karibu na ganda lake la nyuma na parachuti mwezi Julai mwaka huo na kutuma picha. Na Curiosity, kabla hata ya kuingia angahewa, iliachia vipande viwili vya tangsteni, kila kimoja kilo 75, ili kubadili mizani ya chombo kiweze kuelea kidogo kwa pembe badala ya kuanguka moja kwa moja. Vilipigiza ardhini na kuchimba kreta mpya ambazo zilipigwa picha kutoka juu. Kwa kawaida mtu anayechunguza kreta anabahatisha uzito wa kilichoichimba. Hapa uzito ulikuwa umeandikwa kabla.

"Vitaoza, vitaliwa na kutu, baada ya miaka havitakuwepo"

Ukiishi Tanga ni haki yako kufikiri hivi. Bati jipya upande wa Raskazone, kwenye upepo wa bahari, halichukui muda kubadilika rangi. Kutu inahitaji maji na oksijeni. Hewa ya Mirihi ni kabonidayoksaidi kwa kama asilimia 95, oksijeni haifiki hata asilimia moja, na maji ya kutiririka hayapo juu ya ardhi. Kweli wekundu wa vumbi lake unatokana na chuma kilichopata kutu, lakini hiyo ni kazi ya zama za mbali sana. Aluminiamu na titani vilivyopelekwa juzi havina cha kuvila kwa kasi hiyo.

Kinachovipata ni vumbi, baridi kali na miale ya urujuanimno, ambayo inachosha vitambaa na plastiki taratibu. Doa jeusi linalobaki pale kifaa kinapogonga hufifia vumbi linapotua tena. Parachuti ya Curiosity ilipigwa picha mara kadhaa kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, ikaonekana imebadilisha mkao: upepo unaipeperusha. Wanasayansi wakaona kwamba huenda kujitikisa huko kunaikung'uta vumbi, na huenda ndiyo sababu parachuti ya Viking 1, chombo cha Marekani kilichotua Mirihi mwaka 1976, bado inatambulika kutoka angani.

"Mwenye kuokota ndiye mwenye mali"

Vijana wanaokusanya vyuma chakavu wananiuliza hili kwa dhati kabisa, na ni swali zuri. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, katika Ibara ya VIII, unasema umiliki wa kitu kilichorushwa haubadiliki kwa sababu kiko angani au juu ya sayari nyingine, wala kwa sababu kimerudi duniani. Ngao ya Opportunity ni ya Marekani hata ikikaa miaka elfu.

Kuuzwa ni jambo jingine. Mwaka 1993, gari la Lunokhod 2 na chombo kilicholishusha, Luna 21, viliuzwa mnadani New York kwa dola 68,500, vikiwa bado Mwezini. Aliyenunua ni Richard Garriott, Mmarekani aliyetajirika kwa michezo ya kompyuta, na baba yake alikuwa mwanaanga.

"Wameijaza Mirihi takataka" na "Mirihi ni jangwa, haidhuru kitu"

Hizi mbili nimeziweka pamoja kwa sababu mara nyingi zinagombana kwenye kijiwe kimoja, na mimi siko upande wowote kati ya hizo.

Mwaka 2022 mtafiti Cagri Kilic wa Chuo Kikuu cha West Virginia alijumlisha uzito wa vyombo vyote vilivyopelekwa juu ya Mirihi, akatoa vile vilivyokuwa bado vinafanya kazi, akapata kilo 7,119 za vilivyobaki bila kazi: ngao, parachuti, magari yaliyozimika, vyombo vilivyoanguka. Lori moja la mizigo linaweza kubeba uzito huo. Nao umetawanyika juu ya sayari yenye eneo linalokaribia nchi kavu yote ya dunia. Neno "kujaza" hapo halina mahali.

Lakini kusema haidhuru kitu ni kosa kubwa zaidi, na hapa nazungumza kwa uchungu. Tarehe 13 Juni 2022, Perseverance ilipiga picha kipande cha karatasi ya kung'aa kilichonasa kwenye mwamba. Kilikuwa sehemu ya kitambaa cha kuzuia joto cha ule mtambo ulioliteremsha gari. Mtambo ulikuwa umeanguka kama kilomita 2 kutoka pale. Je, kipande kilidondokea hapo siku ya kutua, au kilipeperushwa na upepo baadaye? Hata timu yenyewe ilijiuliza hivyo. Mwezi uliofuata wakaona nyuzi zilizojisokota, nazo za vifaa vya kutulia, na Septemba helikopta ikaruka na kijiuchafu kimeng'ang'ania mguuni.

Perseverance ilipelekwa kukusanya sampuli za mawe, ziletwe duniani kutafutwa dalili za uhai wa kale. Kama uzi wetu umeingia kwenye sampuli yetu, tutajuaje kilicho cha Mirihi na kilicho chetu? Ndiyo maana kila kipande kinachoonekana kinapigwa picha na kuandikwa, kisha wanatazama kama kinaweza kuchafua sampuli au kunasa kwenye magurudumu.

Upande wa vijidudu, kuna masharti ya kimataifa yanayosimamiwa na kamati iitwayo COSPAR. Chombo cha aina hii kinachokwenda kutua Mirihi hakitakiwi kuwa na spora za bakteria zaidi ya 300,000 kwenye nyuso zake, na kwa vifaa vyote vitakavyofika chini, pamoja na vile vitakavyoanguka na kuvunjika, zisizidi 500,000. Kwa masikio ni nyingi, ila bakteria kwenye kiganja kimoja cha mtu wanaweza kuhesabiwa kwa mamilioni. Kwa hiyo ngao itakayotupwa nayo inasafishwa kwa uangalifu ule ule. Mimi naona masharti haya yanastahili kulindwa kwa nguvu zote, hasa sasa nchi nyingi zinajiandaa kwenda, kwa sababu sayari ikishachafuliwa na vijidudu vyetu hakuna ufagio wa kuisafisha.

"Sisi huku hatuwezi kuviona"

Kamera iitwayo HiRISE, iliyo kwenye chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter kinachoizunguka Mirihi tangu 2006, ndiyo iliyopiga nyingi ya picha hizi, na picha zake ziko wazi mtandaoni bila malipo. Zinafunguka kwa simu, ingawa zile kubwa zinakula bando, afadhali kuzipakua kwenye kompyuta ya shule.

Waliogundua vitu humo si mabingwa peke yao. Mwaka 2013 wapenzi wa anga wa Urusi, wakiongozwa na Vitaly Egorov, walipekua picha moja ya HiRISE wakaonesha vitu vinavyofanana na parachuti, ngao na chombo cha Mars 3 kilichotua tarehe 2 Desemba 1971 na kunyamaza baada ya sekunde chache. Mwaka 2019 mhandisi wa Chennai, India, Shanmuga Subramanian, alilinganisha picha za Mwezi za kabla na baada akakiona kipande cha Vikram, chombo cha nchi yake kilichoanguka Septemba mwaka ule. NASA ikathibitisha na kumtaja kwa jina. Beagle 2 ya Waingereza, iliyopotea siku ya Krismasi 2003, ilitambuliwa Januari 2015: ilikuwa imetua salama, ila paneli zake hazikufunguka zote.

Wanafunzi wangu tunaanza na kreta ya Jezero, kwa sababu pale kila kipande kimekwishawekewa alama na mtu anaweza kujisahihisha: ngao, ganda la nyuma, parachuti, doa la mtambo. Jicho likizoea, tunahamia karibu na ncha ya kusini. Huko ndiko Mars Polar Lander ilikopotelea tarehe 3 Desemba 1999, ikiwa na ngao yake na parachuti yake, na HiRISE imekwishapiga picha nyingi za eneo lile.